Mlio wa Kompyuta ya Ghalib

Ghalib alikamatwa Jumatano asubuhi, chai yake ikiwa haijapoa. Waliomchukua walikuwa watatu, vijana wa kituo kipya cha karibu na bandari ya Kismayu, na kosa walilomsomea lilikuwa moja tu: nyumba yake inalia.

"Majirani wamesikia," alisema mkubwa wao kwa Kisomali. "Wiki mbili sasa. Tii, tii, tii, kila jenereta ikiwashwa. Unaongea na nani huko baharini?"

"Siongei na yeyote, ndugu yangu. Ni kompyuta. Ni mbovu. Kumbukumbu yake inakosea, ndiyo inalia."

"Kumbukumbu ya nani?"

"Ya kompyuta."

Kijana aliwatazama wenzake, akaona kama anachezewa. Wakaingia chumba cha mbele. Kompyuta ilikuwa mezani, sanduku lake refu upande mmoja na kioo upande wa pili, vyote vimefunikwa kitambaa cha kufuma. Mmoja alinyoosha mkono aifunue, mkubwa wake akampiga kofi la kiganja. "Usiguse! Wajua kuna nini ndani?" Wakarudi nyuma wote watatu, polepole, macho kwenye kitambaa, kama watu walioona nyoka chini ya kitanda.

Ndiyo sababu hawakuibeba. Walimbeba mwenyewe, na kikoi chake cha kulalia na kandambili mguu mmoja. Mwanatumu, mkewe, alikuwa nyuma ya pazia, mtoto wao Rawda wa miaka minne amejibana kati ya miguu yake.

"Mzee," kijana alimwambia baba yake Ghalib, mzee Athmani, aliyekuwa amesimama uani na ndoo ya maji ya udhu. "Mtaileta wenyewe kituoni, baada ya Alasiri. Itafunguka mbele yetu tuone kilichomo. Isipofunguka, tutajua ni redio ya majasusi. Ikipotea, au ikitumbukia baharini, tutajua pia."

Mzee Athmani alisema, "Inshallah." Walipopotea kwenye pembe ya njia, alikwenda akaiokota ile kandambili iliyobaki mlangoni, akaipangusa mchanga kwa kiganja, akaiweka juu ya dirisha.

Mwanatumu aliketi chini. Alikuwa akijua kisichojulikana na wale vijana. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na picha za harusi za nusu ya mtaa, mabibi harusi vichwa wazi, hina mpaka kwenye viwiko. Na mlikuwa na barua. Watu wa visiwani waliokuwa wakikimbilia Kenya walikuja kwa Ghalib wakae wamwambie, naye aandike: jina, kisiwa, nani alichoma nyumba, nani alichukua mashine ya mashua, nani aliuawa na kwa mkono wa nani. Majina kamili. Ghalib alikuwa mtu wa majina kamili.

Kwa hiyo haikutosha ifunguke. Ifunguke, tena iwe haina kitu. Yote mawili kabla ya Alasiri. Na kwa siku nne zilizopita haikuwa imefunguka kabisa.

*

Umeme ulitoka kwa Zuleikha, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa na jenereta ya kugandisha barafu za samaki. Waya mmoja ulipita juu ya ukuta ukaingia kwa kina Ghalib. Asubuhi hiyo Mwanatumu alitazama juu akaona waya haupo. Umekunjwa, umefungwa kamba, umetundikwa upande wa pili.

Alipobisha mlango wa mbele hakufunguliwa. Sauti ikatoka dirishani: "Zunguka nyuma, kwenye kuku."

Alizunguka. Alipita kwenye banda la kuku ameinama, buibui likafagia mavi, akamkuta Zuleikha amesimama na mikono kiunoni, macho mekundu.

"Mimi sikwenda kwa mtu, Mwanatumu. Usinitazame hivyo."

"Sijasema kitu."

"Nilimwambia muuza samaki tu. Nikamwambia huko kwa jirani yangu kuna kitu kinalia kama kifaranga kilichopotea mamaye. Kifaranga, wallahi, ndilo neno nililotumia. Nikacheka na yeye akacheka. Mimi nilijua atalichukua neno langu ampelekee nani?"

Mwanatumu alihisi maneno yakimpanda mpaka kwenye meno. Akayameza. Hakuna nyumba nyingine yenye jenereta ya mchana mtaa ule.

"Nataka waya urudi," akasema. "Mpaka Alasiri tu."

"Na wakiniuliza?"

"Sema sikupewa."

"Nisemeje? Waya una miguu?"

"Sema nimeuiba."

Zuleikha akamtazama. "Utakubali mbele yao kwamba umeiba?"

"Nitakubali."

"Apia."

Mwanatumu aliapa, amesimama kwenye mavi ya kuku, kwamba yeye ni mwizi wa umeme. Zuleikha akashusha waya kutoka kwenye msumari, machozi yakimtoka, akamkabidhi bila kumgusa mkono.

*

Ndugu yake Mwanatumu, Mukhtar, alikuwa fundi wa kompyuta Mombasa, na kibanda chake kilikuwa na kelele za barabara. Mwanatumu alimpigia simu kutoka jikoni, mlango umefungwa, kichwa amekifunika mtandio.

"Dada, punguza kulia, sikusikii. Anza upya. Inafanya nini?"

"Mwanzo ilikuwa inazima yenyewe. Inaleta kioo cha buluu na maandishi meupe, inazima, inawaka tena. Ghalib akasema ni kumbukumbu. Akaifungua, akapuliza vumbi, akafunga. Ikakaa siku chache ikarudia, ikaanza na kulia. Siku nne hizi haiwaki. Inalia tu. Tii, ndefu, inapumzika. Tii, inapumzika."

"Hiyo ni remu, ndiyo hiyo kumbukumbu. Shemeji alikuwa sawa. Sikiliza, dada. Kompyuta haijui vita. Inasema neno lile lile mpaka uisikilize. Una bisibisi?"

"Ghalib hakuirudisha parafujo. Ubao wa ubavuni unatoka kwa mkono."

"Vizuri. Chomoa waya wa umeme kwanza. Gusa chuma cha sanduku, mikono yako itoe ule umeme wake. Sasa chungulia. Utaona vijiti viwili vimesimama sambamba, kila kimoja kina meno ya rangi ya dhahabu chini. Umeviona?"

Aliviona. Alikuwa akimwona mumewe akivishika, lakini yeye mwenyewe hakupata kutia mkono mle. Alisoma darasa nne tu, kabla ya vita, na alichojua cha kompyuta ni kuiwasha, kuandika jina lake, na kumfungulia Rawda picha za harusi atazame nguo. Alivibana vishikizo pembeni kama alivyoambiwa, kijiti kikaruka juu.

"Toa kimoja, bakisha kimoja. Washa."

Aliwasha. Tii. Akalirukia sanduku na godoro la mtoto, akalifunika, akalilalia kwa kifua. Chini ya kifua chake ikaendelea, tii, tii, kama kitu kinachozama. Akaizima.

"Kuna kijispika ndani," alisema Mukhtar. "Kiwaya chembamba, chekundu na cheusi. Kichomoe, itanyamaza."

Mwanatumu alifikiri. "Hapana. Wamesikia inalia. Nikiwapelekea bubu watasema tumetoa redio tukaificha."

"Kweli," alisema Mukhtar. "Sikulifikiria hilo. Haya. Toa hicho, weka kile kingine."

Ikalia. Akakihamisha tundu la pili. Ikawaka! Kioo kikaleta nembo, kikaleta na picha ya bahari ya buluu aliyoizoea, Mwanatumu akasema alhamdulillah kwa sauti. Hakumaliza neno. Maandishi meupe yakafunika kioo chote, na sanduku likazima.

Walijaribu kila namna, kijiti hiki tundu hili, kijiti kile tundu lile, mpaka vidole vikamwuma. Mara ikalia, mara ikawaka ikafa. Dukani hakuna kijiti kingine. Abdulqadir aliyekuwa akiviuza alishaondoka mji.

"Vijiti viwili havifi siku moja, dada," alisema Mukhtar. Sasa na yeye sauti yake ilikuwa imepungua. "Na matundu mawili hayafi siku moja. Kuna kitu vinachoshirikiana. Tafuta raba, ile ya kufutia penseli. Sugua meno yake. Pengine ni kutu ya chumvi. Nipigie ukimaliza, nina mteja hapa ananitolea macho."

Adhuhuri ikaadhiniwa. Mwanatumu hakuinuka, alimwomba Mungu amngoje kidogo.

*

Mzee Athmani alikuwa amekaa kizingitini tangu asubuhi, mgongo kwa chumba. Alikuwa fundi wa vyombo wa kisiwa cha Ngumi, mashua nyingi za upande huo zilipita mikononi mwake, na tangu kisiwa kihame alikaa kwa mwanawe bila kazi, akitengeneza viti vya watu na kuchonga mapini. Kila kompyuta ilipolia, mabega yake yalipanda.

Mwanatumu alivitandaza vijiti juu ya kitambaa cheupe, akaanza kusugua. Raba haikutoa unga. Ilikuwa ikiteleza, ikageuka nyeusi na kunata kama ulimbo. Akashangaa. Wakati huo paka wa uani alipanda mezani. Alimfukuza. Paka akarudi, akakinusa kijiti kilichokuwa hakijasuguliwa, akakilamba. Akakilamba tena, macho amefumba.

Mwanatumu aliacha kusugua. Polepole akakichukua kijiti mbele ya mdomo wa paka, akakipeleka puani.

Alizaliwa Ngumi. Harufu ile aliijua kabla hajajua kutembea. Ilikuwa sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia vyombo.

"Baba," aliita, bila kupaza.

Mzee Athmani hakugeuka.

"Baba, nani ametia sifa humu?"

"Ni mimi," alisema mzee, akitazama njia.

Halafu maneno yakatoka yote pamoja. "Siku ile alipoifungua kupuliza vumbi, akaiacha wazi akaenda kusali. Nikachungulia. Nikaona yale meno yake yameanza kuota ukungu wa kijani. Mimi nikasema, mwanangu hajui chuma. Chuma cha pwani usipokipaka kinaliwa. Misumari yote niliyopigilia mimi, mtu aniambie ni upi ulioliwa. Nikachukua unyoya wa kuku nikapaka. Meno yote, na yale matundu. Nikapaka na nyaya. Nilitaka nimfurahishe, sikumwambia. Halafu ilipoanza kulia nikaogopa kumwambia."

"Siku ngapi baada ya kupaka?"

"Ya tatu ilianza. Nilihesabu."

"Umekaa wiki mbili unaisikia ikilia, Baba."

"Nilidhani itakunywa mafuta itatulia. Ubao hunywa." Akainuka, akashika ukuta. "Nitakwenda kituoni sasa hivi. Nitawaambia wanichukue mimi."

"Utawaambia nini? Kwamba ulipaka kompyuta mafuta ya papa?"

Alisikia neno lake mwenyewe lilivyotoka, na uchungu wake. Mzee aliinamisha kichwa kama mtoto aliyepigwa mbele ya wageni. Hakuna aliyepata kusema naye hivyo katika nyumba ile. Mwanatumu alitaka kuomba radhi, lakini saa ilikuwa ikienda, na radhi ingehitaji kukaa chini.

"Na chupa yake iondoke humu ndani," akasema tu. "Kaitupe mbali. Paka atatufuata nayo mpaka kituoni."

Mzee aliichukua chupa na ule unyoya chini ya kitanda chake, akavitia mfuko wa kanzu, ili avitupe njiani.

*

"Mafuta ya nini?" Mukhtar aliuliza mara tatu. Alipoelewa, alicheka cheko moja fupi, akajizuia. "Nisamehe, dada. Basi afadhali. Vijiti vizima. Ni uchafu umegandia kwenye meno, umeme unapita unakatika. Unahitaji spiriti."

Spiriti haikuwako, zahanati ilikuwa ikiwekea majeruhi. Mukhtar akasema petroli basi, kidogo sana, mbali na moto, na ikauke kabisa kabla ya kuwasha, kabisa, dada, au utaunguza nyumba. Mwanatumu alipita tena kwenye banda la kuku. Zuleikha alimpa kizibo kimoja cha petroli, kisha akamwita akamwongezea cha pili.

Vijiti vilitoka safi. Meno yakang'aa. Lakini matundu yalikuwa membamba, marefu kama ufa, na mafuta yaliingia chini kabisa. Kitambaa hakikupenya. Kijiti cha kiberiti kilikuwa kinene. Mwanatumu akajaribu pini ya mtandio, ikakwaruza, akaitoa.

"Nipishe, mwanangu," alisema mzee Athmani.

Alikuwa ameshika kipande cha karatasi ngumu, kona yake ameikata ncha kwa kisu, ameizungushia nyuzi za pamba alizozisokota juu ya paja. Alipiga magoti mbele ya sanduku. Maisha yake yote alitia pamba yenye mafuta katikati ya mbao mbili, akiishindilia kwa patasi mpaka ufa ukashiba na maji yakakosa njia. Sasa alikuwa akifanya kinyume chake. Aliichovya pamba, akaishusha kwenye ufa, akaivuta upande mmoja hadi wa pili bila kugonga, akaitoa, akaitazama. Nyeusi. Akasokota nyingine. Mkono wake haukutetemeka hata mara moja. Nyuzi ya kumi na kitu ilitoka nyeupe. Akasokota nyingine tena, kwa kuhakikisha, kwa maana hakuna fundi anayekubali ufa mara ya kwanza.

Walipepea kwa kipepeo cha mkaa mpaka harufu ya petroli ikaisha. Mwanatumu akavirudisha vijiti, vishikizo vikaitika tak, tak. Akalishika godoro tayari. Akabonyeza.

Tii.

Mara moja. Fupi. Mwanatumu alikwisha kulirukia na godoro.

"Ngoja!" Mukhtar alipiga kelele simuni. "Ngoja, dada! Moja fupi ni salamu. Ikiwa nzima hulia moja, basi."

Picha ya bahari ikaja. Wakangoja. Mzee Athmani alikuwa akisoma chini ya pumzi. Bahari ikakaa, haikufunikwa.

*

Kufuta kulikuwa kwepesi kuliko yote, na hilo ndilo lililomtisha. Mukhtar alimwongoza: chagua, futa, kisha lile kapu la taka nalo limwage. Barua zikaenda, majina kamili yote, kana kwamba watu wale hawakuja wakakaa kwenye kile kiti wakalia. Kisha picha. Harusi moja baada ya nyingine.

Moja aliiacha mwisho. Mama yao, yeye na Mukhtar, siku ya harusi ya Mwanatumu, kichwa wazi, anacheka na jino lake la pengo, mkono umeinuka kumzuia mpiga picha. Hakukuwa na nyingine. Nyumba iliyokuwa na nyingine ilichomwa.

Mukhtar akauliza, "Umefika kwa Mama?"

"Ndiyo."

Magari ya Mombasa yalipita simuni.

"Futa, dada," alisema.

Akafuta. Ndani zikabaki hesabu za samaki, barua ya kuomba nyavu, na mchezo wa karata.

"Lakini nikwambie kweli," Mukhtar akasema baadaye, na mzee Athmani alikuwa karibu, akasikia kila neno. "Kufuta si kuondoa. Ni kama umetoa jina mlangoni, watu bado wamo ndani. Wamo kwenye kisanduku chembamba kilichofungwa ndani pembeni, akija anayejua atawarudisha. Usiwaachie hiyo kompyuta."

*

Kituoni walifika na mkokoteni wa kuazima, sanduku limefungwa blanketi. Askari wa lango alimwambia Mwanatumu, "Mwanamke anabaki nje."

"Yeye hajui kuiwasha. Mimi ndiye ninayejua."

"Basi hamkuja kuionyesha."

Alikuwa amemfundisha mzee nyumbani kwa tahadhari tu: waya wa zambarau tundu la zambarau, wa kijani tundu la kijani, kitufe kikubwa, ngoja. Mzee alizirudia rangi kwa sauti, kama anayekumbuka mapambo ya tezi, nyuma ya mashua. Akaingia peke yake, amelikumbatia sanduku, askari akimfuata na kioo kwa mbali.

Mwanatumu aliketi chini ya ukuta, kwenye jua. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa chake. Alisikia meza ikivutwa. Alisikia mtu akikohoa. Alijua atasikia nini, moja au nyingi, na kwamba katika tofauti hiyo mtoto wake atakuwa na baba au hatakuwa naye.

Ndani, mkubwa wa kituo alikuwa mtu wa bara, mwenye miwani, sauti ndogo. Ghalib alikuwa ameketi sakafuni pembeni, shavu limevimba. Mzee hakumtazama, aliogopa akimtazama mikono itasahau rangi. Zambarau. Kijani. Kitufe.

Tii.

Bunduki mbili zikakokiwa kwa pamoja. Nje, Mwanatumu alizisikia, akaziba mdomo wake kwa mtandio.

"Moja ni salamu," mzee alisema. Mikono alikuwa ameinua. "Ikilia moja ni nzima. Ngojeni muone."

Wakangoja. Chini ya ukuta Mwanatumu alingoja. Tii ya pili haikuja.

Mwenye miwani aliketi, akashika kipanya. Alijua, hilo walilitambua mara moja, baba na mwana, kwa namna alivyokishika. Alifungua hesabu za samaki. Akafungua barua ya nyavu. Akachungulia kapu la taka.

"Safi sana," alisema. "Kama nyumba iliyofagiliwa kwa ajili ya mgeni." Akavua miwani. "Mwanao atakwenda nyumbani. Kompyuta itabaki. Jumamosi anakuja ndugu yetu mmoja, anajua kurudisha vilivyofutwa. Mwanao atakuwapo hapa, amsaidie kusoma majina."

Ghalib alifumba macho. Mzee Athmani alisimama pale pale. Kwa muda alionekana kama hakuelewa Kisomali.

"Mkubwa," akasema, "mtaiweka chumba hiki?"

"Hiki."

"Dirisha linatazama bahari. Haitafika Jumamosi. Ndivyo ilivyoharibika kwetu, chumvi ilikula meno yake. Mbona hata bunduki hii," akaionyesha ya askari wa karibu kwa kidevu, "imeanza kuota."

Askari akaitazama bunduki yake kwa aibu. Mwenye miwani akasema kweli, tangu waje hapa hata risasi zinashika kutu, na mafuta ya bara hayafui dafu. "Nyinyi wa visiwani mnafanyaje?"

"Sisi kila chuma chetu tunakipaka sifa," alisema mzee. "Wazee wetu hivyo, na sisi hivyo." Akatia mkono mfukoni.

Alipiga magoti, akatoa ubao wa ubavuni, akachomoa vijiti kama alivyomwona mkaza mwanawe akifanya. Alipaka bila uchoyo. Alipaka vijiti, akapaka matundu mpaka yakajaa, akapaka kila jino aliloliona na kila waya, na sanduku jembamba la ndani lililofungwa pembeni akalipaka maungio yake yote. Mwenye miwani aliziba pua akacheka. Akaomba chupa ibaki, kwa ajili ya bunduki.

"Chukueni," alisema mzee. "Ni sadaka."

*

Alhamisi asubuhi waliondoka kwa gari la samaki linalorudi tupu Burgao, upande wa mpaka wa Kenya. Walilala chini, chini ya magunia mabichi, Rawda kifuani mwa mamaye. Hawakuchukua kitu isipokuwa nguo na chungu. Zuleikha aliwapa barafu kwenye kitambaa kwa shavu la Ghalib, akampa mkono Mwanatumu, safari hii akaushika.

Mji ulipobaki nyuma, Ghalib alisema kutoka kwenye giza la magunia, "Baba, sikuelewa. Kompyuta ilikuwa nzima, unaipaka ya nini?"

Mzee alimweleza, tangu siku ya kwanza na unyoya wa kuku. Alieleza bila kujitetea. Alipomaliza, alingoja mwanawe aseme neno. Ghalib aliutafuta mkono wake wenye harufu ya papa, akaukamata. Cheko likaanza kumpanda, shavu likamwuma, akacheka hivyo hivyo, na mzee naye akacheka, na gunia likatikisika juu yao.

Mwanatumu hakucheka. Alikuwa akikunja vidole.

"Baba, ulisema ilianza kulia siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Jana ya kwanza. Leo ya pili." Cheko chini ya gunia likakatika. Alikunja kidole, akakunja na kingine. "Itaanza kulia kesho. Jumamosi atakapokuja huyo mgeni, itakuwa inalia mbele yake, na Ghalib hayupo. Watatufuata kabla hatujavuka mpaka."

Ghalib aliinuka kwa goti, akatoa mkono nje ya gunia kwenye upepo, akagonga kwa nguvu bati la dereva, ili aongeze mwendo.